Maswali ya Wasomaji: Baada ya Meru, Tupumzike kwa Gari au Tuunganishe Kilimanjaro?

SWALI: Ndugu Mwandishi, nakusalimu kutoka Mwanga, Kigoma. Mimi na mume wangu tuna miaka kumi na miwili ya ndoa, na Julai hii tumepata likizo ya pamoja ambayo tumeisubiri kwa muda mrefu. Tumekubaliana kupanda Mlima Meru kwa siku nne, kisha Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Tutakwenda na gari letu kupitia Tabora, Singida na Babati. Ugomvi wetu uko katikati ya milima hiyo miwili. Mimi nataka tukishuka Meru tupumzike wiki nzima, tuendeshe gari mpaka Tanga kwa dada yangu, tuoge baharini, ndipo turudi Marangu. Mume wangu anasema gari litatuharibia miguu na pumzi, na kwamba mtembezi wa kweli hapandi gari katikati ya safari. Mwanzoni alitaka hata tutoke Momella, lango la kupandia Meru, kwa miguu mpaka Kilimanjaro. Anajiamini kwa sababu mwaka jana tulifika kilele cha Nkungwe kule Mahale bila taabu. Nani kati yetu ana haki? Nikujulishe pia kwamba mdogo wake ana selimundu, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kupimwa. — *Mama wa Wawili*

JIBU: Mama wa Wawili, mapumziko ya gari ni ya lazima, kwa hiyo hapo umeshinda; lakini wiki nzima pwani ni ndefu mno, na hapo mumeo ana hoja kuliko anavyojua mwenyewe.

Nianze na Nkungwe, maana ndiyo inayompa kiburi. Kupanda kutoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika, ulio kwenye kimo cha mita 773 hivi, mpaka kilele cha mita 2,462 ni kazi ya kuheshimiwa, na sijui mazoezi bora zaidi ya mapaja kwa mtu anayeishi Kigoma. Hata hivyo kilele chenyewe kiko chini ya Mandara, bweni la kwanza la njia ya Marangu lililo kwenye mita 2,720. Maana yake ni kwamba mahali mlipopigia picha ya ushindi mwaka jana, Kilimanjaro mtapapita siku ya kwanza kabla ya chakula cha jioni. Nkungwe iliwafundisha miguu, lakini damu na mapafu yenu bado havijafundishwa lolote, kwa sababu mwili huanza kusumbuliwa na uhaba wa oksijeni kuanzia mita 2,500 hivi, na kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, kila pumzi huingiza oksijeni karibu nusu ya ile ambayo mtu angeipata kwa dada yako Tanga.

Mwili ukifika juu hujirekebisha kwa hatua. Saa za mwanzo pumzi huongezeka kasi; siku zinazofuata figo hurekebisha kemia ya damu ili kasi hiyo ivumilike, na ndiyo sababu mpandaji hukojoa mara nyingi na hapaswi kushangaa; chembe nyekundu za damu huongezeka baadaye kabisa, kwa muda wa wiki kadhaa. Ukishuka, marekebisho hayo huanza kupotea, ingawa hayapotei kwa usiku mmoja. Sasa tazama Meru itawapa nini. Usiku wa kwanza mtalala Miriakamba, mita 2,500 na kidogo. Wa pili mtalala bweni la Saddle, mita 3,570. Usiku wa manane mtaondoka kwenda kileleni, mita 4,566, na siku hiyohiyo mtarudi kulala Miriakamba. Kwa hesabu hiyo mtakuwa mmelala usiku mmoja tu juu ya mita 3,000. Ni faida, tena nzuri, lakini ni akiba ndogo, na akiba ndogo haihimili wiki nzima ya matumizi kwenye usawa wa bahari. Alasiri mtakayofika Saddle, msijilaze mpaka jioni. Pandeni Meru Ndogo, mita 3,820, kaeni pale kidogo, kisha mshuke kulala. Wapandaji wengi huiacha kwa uchovu, na wanaoiacha hujinyima kitu kilichokuwa saa moja tu mbele yao.

Kwa hiyo pendekezo langu ni siku tatu za gari, usiku tatu kwa hesabu ya malazi, na Tanga mwiache mpaka Kilimanjaro iishe. Kutoka Moshi mpaka Tanga ni kama kilomita 350, na kurudi ni nyingine hizohizo. Dereva atakuwa ni mmoja wenu mwenye mapaja yaliyokaza. Njooni kwa Usa River, Moshi na Himo, kisha mpande kulala Marangu kwenyewe, mahali penye ubaridi na migomba, mahali ambapo mnaweza kutembea taratibu hadi maporomoko ya Kinukamori bila kubeba chochote mgongoni. Kuleni mtori asubuhi na jioni. Laleni usingizi ambao mlima uliwanyang'anya. Fueni soksi zote, kwa sababu soksi yenye vumbi la Meru ndiyo itakayoleta lengelenge la Horombo, bweni la pili la njia ya Marangu.

Kuhusu usingizi kuna jambo ambalo mke na mume wanapaswa kulijua kabla halijawatisha. Juu ya mlima mtu aliyelala anaweza kuvuta pumzi za haraka haraka, kisha akanyamaza kabisa kwa sekunde kadhaa, kisha akashtuka kwa pumzi moja ndefu na kuanza upya. Anayelala peke yake hajui. Wewe utakuwa umelala kitanda cha pili, macho yako darini, ukihesabu ukimya wa mumeo. Hali hiyo ni ya kawaida kwenye kimo kikubwa na peke yake si ugonjwa. Ugonjwa wa kimo hujitambulisha kwa kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida. Dalili hizo zikizidi, au mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa ameketi, hapo hakuna cha kusubiri asubuhi: anashushwa mara moja, hata kama ni usiku.

Niseme pia kuhusu gari na miguu, kwa sababu hapo mumeo amesikia nusu ya habari. Miaka kadhaa iliyopita nilishuka Kilimanjaro mchana, na alfajiri iliyofuata nikapanda basi la Tabora. Niliketi kiti cha dirishani, magoti yamegusa kiti cha mbele, nikalala. Tulipofika Singida nilitaka kushuka ninunue maji, nikakuta kifundo cha mguu kimevimba hadi kamba za kiatu zimechora mistari kwenye ngozi, na mapaja hayakubali ngazi hata moja. Konda alinishika kwapa la kulia, mama aliyekuwa akiuza karanga akanishika la kushoto, na abiria wote wakapata la kusimulia. Kosa lilikuwa la kuketi saa nyingi bila kusimama, mara baada ya siku nzima ya mteremko, kwani mteremko ndio unaoumiza nyuzi za misuli kuliko kupanda, na maumivu yake hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Basi kila saa mbili simameni, mtembee dakika kumi, mnywe maji. Siku mnayoshuka Meru msiendeshe zaidi ya kufika mahali pa kulala, na mkimaliza Kilimanjaro msianze safari ya Kigoma kabla ya kupumzika usiku mbili kamili.

Wazo la kutembea kutoka Momella hadi Kilimanjaro lina mvuto wake, sikatai. Vilele hivyo viwili viko umbali wa takriban kilomita 70 kwa mstari ulionyooka, na katikati ni nyanda kavu, zenye jua kali, wanyamapori na malisho ya wafugaji, ambazo zitawamaliza nguvu bila kuwapa hata mita moja ya kimo. Ndani ya Hifadhi ya Arusha kwenyewe mpandaji wa Meru husindikizwa na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati; sioni sababu ya kwenda kuwatafuta nyati wengine kwa hiari. Mwambie mumeo kwamba wanaotembea safari ndefu za miezi mingi katika milima ya nchi nyingine hutoka njiani mara kwa mara, hupanda gari hadi mjini, hula, huoga, kisha hurudi palepale walipoishia. Hakuna anayewanyima jina la utembezi.

Ila kuna jambo moja ambalo gari haliwezi kulitatua, nalo ni ratiba ya Marangu. Madaktari wa milimani hushauri kwamba, mtu akishavuka mita 3,000, kimo cha kulala kisiongezeke kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku ya kutulia. Kutoka Mandara hadi Horombo, mita 3,720, ni ongezeko la mita 1,000. Kutoka Horombo hadi Kibo, bweni la mwisho kabla ya kilele, mita 4,700 na ushei, ni ongezeko lingine la aina hiyo. Njia yenyewe, basi, inavunja kanuni mara mbili. Kwa hiyo lipieni siku sita badala ya tano, ili mlale Horombo usiku mbili, na siku ya katikati mpande juu kidogo kisha mrudi. Mkitakiwa kuchagua kati ya siku moja zaidi ya gari na siku moja zaidi ya Horombo, chagueni Horombo bila kujadiliana.

Sasa selimundu, ambayo umeiweka mwishoni mwa barua kana kwamba ni salamu. Mumeo apimwe kabla hamjalipia chochote. Mwenye ugonjwa wenyewe hapaswi kwenda kwenye kimo hicho, maana upungufu wa oksijeni ndio unaozipinda chembe nyekundu na kuleta maumivu makali. Aliyerithi vinasaba kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huishi maisha yake yote bila dalili, na wengi wa namna hiyo hupanda milima salama, lakini kimo kikubwa kinaweza kuidhuru bandama yake. Anahitaji mazungumzo na daktari, na anahitaji kujua kwamba maumivu ya ghafla upande wa kushoto chini ya mbavu ni sababu ya kushuka. Daktari huyohuyo mwulizeni kuhusu dawa ya asetazolamaidi, inayosaidia mwili kuzoea kimo, na mumweleze kama kuna mwenye mzio wa dawa za salfa.

Na kwa kuwa mnatoka Kigoma, msisahau malaria. Vimelea hukaa mwilini angalau wiki moja kabla ya homa kuanza, kwa hiyo mbu aliyekuuma Mwanga usiku wa kufunga mizigo anaweza kukufikia ukiwa Marangu. Kichwa kinachouma pamoja na homa kali kipimwe kwanza malaria. Siku zenu tatu za gari zitapita karibu na zahanati, lakini siku za Horombo hazitapita.

Mwisho, amueni mkiwa bado nyumbani nani atafanya nini mmoja akiugua. Nimewaona wanandoa wakifichana maumivu ya kichwa, kila mmoja akiogopa kumwharibia mwenzake ndoto, mpaka kiongozi akawagundua kwa sahani za chakula zilizorudi zimejaa. Kubalianeni kwamba mgonjwa atashuka na kiongozi msaidizi, na kama mzima ataendelea au watashuka pamoja. Chochote mtakachochagua, kisichaguliwe Kibo usiku wa manane.

SWALI: Mimi ni mume, niko Tabora mjini. Mke wangu hutembea polepole sana na mimi nikimngoja miguu inapoa. Je, kiongozi anaweza kututenganisha kila mtu aende mwendo wake? — *Msomaji, Isevya*

JIBU: Anaweza, kama kikundi chenu kina kiongozi zaidi ya mmoja, lakini siku za chini sikushauri. Mkeo atangulie, wewe ufuate, na ukiona miguu inapoa vaa sweta. Mwendo wake ndio ambao viongozi wa Kilimanjaro huwahimiza watu kila baada ya dakika tano. Wewe ndiye unayekwenda vibaya. Usiku wa kilele ndio pekee ambao kutengana kunaweza kuwa na maana, kwa sababu baridi huko juu haimngoji mtu.

SWALI: Je, inafaa kubeba dagaa wa kwetu mlimani? Mwenzangu anasema nitamwaibisha. — *Msomaji, Ujiji*

JIBU: Inafaa sana. Dagaa wakavu ni wepesi begani na wana protini ya kutosha, na chumvi yake humrudishia mtu hamu ya kula pale ambapo chakula kingine kinamchefua. Wakaange nyumbani bila mafuta mengi, wapoe kabisa, kisha uwafunge katika mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Mabweni ya Marangu ni ya kulala watu pamoja na harufu haina kitanda chake. Mfuko ufungulie nje, upande ambao upepo unaelekea bondeni.