Redio na ramani za gari la Japani: mambo ya kujua kabla ya kukata waya

Gari linaloshushwa katika bandari ya Dar es Salaam au Mombasa likitokea Japani lilitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani, na sehemu inayolidhihirisha jambo hilo kwa haraka zaidi ni katikati ya dashibodi. Kioo kinaandika Kijapani, ramani iliyomo ndani ni ya Japani peke yake, na redio ya FM inakomea kwenye 90 wakati vituo vingi ambavyo mwenye gari anataka kuvisikiliza viko juu ya hapo. Ndiyo maana kazi ya kubadilisha redio ni miongoni mwa kazi za kwanza anazopewa kijana anayejifunza umeme wa magari, na kwa kuwa inaonekana nyepesi, ndiyo pia kazi inayoharibu magari mengi mikononi mwa wanaoanza. Nimeifanya kwa miaka mingi, hasa katika Toyota, na ninaandika haya kwa ajili yako wewe ambaye umeshika bisibisi juzi tu.

Anza na swali la masafa, kwa sababu mteja atakuuliza kama kuna njia ya bei nafuu. Japani ilitenga megahezi 76 hadi 90 kwa FM, na baadaye ikasogeza mpaka kufikia 95, ilhali Afrika Mashariki tunatumia 87.5 hadi 108. Kipanua masafa, ambacho madukani hukiita bendi ekspanda, hukaa kati ya antena na redio na kuyashusha masafa kwa kiasi kisichobadilika. Kikiwa cha megahezi 20, kituo cha 98.5 utakipata ukiandika 78.5, lakini vituo vilivyo chini ya 96 vitakuwa vimetoka nje ya uwezo wa redio. Zaidi ya hayo, vipanua vingi vya bei ya chini hudhoofisha mawimbi na kuongeza mikwaruzo. Kwa mtu anayetaka taarifa ya habari tu, na fedha zake ni kidogo, mfungie na umweleze wazi kasoro hizo. Kwa anayetaka ramani, simu na kamera ya nyuma, badilisha redio yote.

Kabla ya kugusa betri, washa redio iliyomo na uichunguze. Redio nyingi za Toyota zenye ramani hujifunga pale umeme unapokatika, zikadai namba ya siri ambayo hakuna mtu nchini anayeijua, kwa sababu mmiliki wa kwanza alibaki nayo Japani. Nyingine huhitaji kadi yake ya kumbukumbu ili ziweze kuwaka, na kadi hiyo ikitolewa na kupotea, kifaa chote hubaki kioo kisicho na kazi. Kama redio hiyo inaondolewa, huenda mteja akataka kuihifadhi au kuiuza, kwa hiyo mwambie mapema kitakachotokea. Kama umeitwa kurekebisha kitu kingine kabisa, taa kwa mfano, usikate umeme wa betri kabla hujamuuliza. Nimewaona wateja wakipoteza redio nzima kwa sababu ya fundi aliyekuja kubadilisha betri, naye akaondoka bila kujua alichokifanya.

Chunguza pia kama kioo hicho kinafanya kazi nyingine. Katika baadhi ya Toyota Harrier na Crown za miaka ya 2000, mipangilio ya kiyoyozi huonyeshwa na kuendeshwa kupitia kioo hichohicho cha ramani. Ukikiondoa bila kifaa mbadala kilichotengenezwa kwa ajili ya gari hilo, mteja ataondoka na muziki mzuri na joto la Dar es Salaam ndani ya gari. Hapo ushauri wa kweli unaweza kuwa kuacha kioo mahali pake na kumfungia kishikio kizuri cha simu.

Ukishaamua kufungua, fungua waya wa hasi kwenye nguzo ya betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote kilicho karibu na mifuko ya hewa. Mfumo huo hubaki na chaji kwa muda mfupi hata betri ikikatwa. Soketi zake huwa za rangi ya njano; usizipime kwa mita ya umeme na usizichomoe kwa udadisi.

Sasa tufike kwenye waya, ambako ndiko kazi yenyewe iliko. Redio mpya huja na waya zenye rangi zinazofuata kawaida moja: njano ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, nyekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukiwa kwenye ACC (hatua inayowasha vifaa bila injini), nyeusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia bodi ya gari. Kijana anayeanza huzikariri rangi hizi, kisha huzitafuta kwenye waya za gari. Katika Toyota nyingi utaikuta njano na utaikuta nyeusi, na zote mbili ni waya za spika ya nyuma kushoto. Umeme wa betri uko kwenye waya wa buluu wenye mstari wa njano, wa ACC uko kwenye kijivu, na ethi iko kwenye kahawia. Rangi zimefanana kwa jina tu, na anayeunganisha kwa kuzilinganisha atakuwa ameielekeza spika mahali pa betri.

Kwa hiyo hata rangi nilizokutajia usiziamini bila mita. Rudisha betri, acha ufunguo ukiwa umezimwa, na utafute waya wenye volti 12 hivi: huo ndio wa betri. Geuza ufunguo hadi ACC na utafute unaopata umeme sasa hivi. Washa taa ndogo na utafute wa taa za dashibodi. Ethi utaithibitisha kwa kupima mwendelezo, yaani kama umeme unapita bila kukatika, kati yake na bodi ya gari. Spika nyingi za gari ni za omu 4, na mita itasoma pungufu kidogo ya hapo kati ya waya zake mbili. Ukitaka kujua ni spika ipi na upande upi ni chanya, chukua betri ndogo ya volti 1.5 na uiguse kwa sekunde moja tu kwenye waya hizo, spika ikiwa imetenganishwa na redio. Utasikia mlio mfupi, na ukiweza kuiona karatasi ya spika, itasukumwa nje pale chanya ya betri inapogusa chanya ya spika. Zoezi hili huchukua dakika chache, na mimi hulifanya hadi leo.

Jambo la hasi za spika linahitaji maelezo ya peke yake, kwa sababu liliwahi kunigharimu. Katika mwaka wangu wa kwanza nilikusanya hasi zote nne za spika na kuziunga kwenye bodi ya gari, nikiamini kwamba hasi ni hasi. Redio ilikuwa mpya na haikumaliza siku. Sehemu ya kutoa sauti iliungua, nami nikailipa kwa mishahara ya miezi miwili. Sababu yake niliielewa baadaye. Katika redio za kisasa kila spika husukumwa kutoka pande zote mbili, na waya zake zote mbili, hata ule unaoitwa hasi, hukaa kwenye takribani nusu ya volti za betri. Ukiugusisha wowote kati yake na bodi, umepiga shoti. Kila spika ipewe waya zake mbili, na usizichanganye na za spika nyingine.

Usikate soketi ya gari. Nunua waya wa kuunganishia wenye soketi za Toyota, ya pini 10 na ya pini 6, ambao huuzwa Kariakoo kwa bei ambayo hakuna mteja atakayeikataa akielezwa faida yake, kisha miunganisho yote uifanye upande wa redio mpya. Unga kwa kulehemu kwa risasi na ufunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Utepe wa umeme peke yake haufai nyuma ya dashibodi ya gari linaloegeshwa juani, kwani gundi yake hulainika, utepe hufunguka, na waya mbili zilizo wazi hukutana gari likiwa safarini. Fyuzi iliyo kwenye waya wa njano ibaki palepale na kwa kiwango chake.

Wapo wanaounga njano na nyekundu pamoja kwenye umeme wa betri ili redio iwake hata bila ufunguo. Mteja hufurahi siku ya kwanza, kisha huanza kukuta betri imekufa asubuhi. Wanaoziunga zote mbili kwenye ACC hupata tatizo tofauti, kwani redio husahau vituo na saa kila gari linapozimwa.

Kama baada ya kazi yote hii FM inakwaruza hata katikati ya mji, tazama antena kabla ya kuilaumu redio. Magari mengi ya Japani yana kikuza mawimbi kwenye shina la antena, nacho kinahitaji volti 12 kutoka waya wa buluu wa redio mpya. Mafundi wengi huuacha ukining'inia.

Kuhusu ramani, lazima mteja aelewe kwamba kupokea setilaiti na kuwa na ramani ni mambo mawili. Kifaa hujua kilipo bila intaneti, lakini picha ya barabara ni lazima iwe imepakuliwa. Mpakulie ramani za nje ya mtandao za Google Maps au za programu zinazotumia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, kabla hajaondoka gereji, halafu zima data na umwonyeshe kwamba bado zinafanya kazi. Antena ya setilaiti iweke juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele, mahali panapoona anga. Ukiificha nyuma ya chuma, gari litaonekana linatembea juu ya nyumba za watu. Na ukiletewa kifaa cha zamani kinachoonyesha tarehe ya miaka mingi iliyopita, kumbuka kwamba mfumo wa GPS huhesabu wiki 1,024 kisha huanza upya, na hesabu hiyo ilianza upya tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa ambavyo programu yake haikusasishwa vilirudi nyuma.

Upana nao upime kabla mteja hajanunua. Redio nyingi za Toyota zina upana wa milimita 200, wakati zile za kawaida zinakaribia 180, na pengo hilo linahitaji fremu za pembeni. Vioo vikubwa vya inchi 9 au 10 vinapendeza, lakini katika baadhi ya dashibodi huziba kitufe cha taa za tahadhari. Mimi sifungi kioo kinachokizuia kitufe hicho, hata mteja akisisitiza.

Mwisho wa kazi, zima gari, toa ufunguo, funga milango, na usubiri nusu saa. Kisha weka mita kati ya nguzo ya hasi ya betri na waya wake, waya huo ukiwa umefunguliwa, na uwe mwangalifu mita isiachie wala mtu asifungue mlango. Ukisoma zaidi ya miliampea 50, kuna kitu hakijalala. Rudi nyuma ya dashibodi ukitafute kabla hujapokea malipo. Redio ya zamani, kadi yake, skrubu zilizobaki na karatasi uliyoandika kazi ya kila waya, viweke vyote katika mfuko mmoja na umkabidhi mwenye gari.