Maswali ya Stempu: Acheni Kuloweka Bahasha

Marehemu babu ametuachia bahasha kuukuu zenye stempu za India na muhuri wa Mombasa. Nizibandue kwa maji moto au baridi? (Kibokoni)

Usitie maji yoyote! Swali hili naletewa kila mara, na kila mara nakuta mtu ameshaharibu nusu ya mali yake. Mwaka 1890 stempu za hapa zilipungua, na kwa muda posta ya Mombasa ikatumia stempu za India vilevile zilivyo, bila chapa yoyote juu, yaani bila maneno yaliyoongezwa juu ya stempu. Kinachoonyesha kwamba stempu hiyo ilitumika hapa ni muhuri tu. Ukiibandua, muhuri unakatika, nusu unabaki kwenye karatasi, nawe unashika stempu ya India ya aina iliyojaa duniani. Angalia tarehe ya muhuri kwanza. Hata ikiwa ya miaka ya baadaye, anwani, njia iliyopita barua na mihuri ya nyuma ni historia ya mji huu. Iache bahasha nzima.

Stempu ya kwanza ya Kenya si ile ya uhuru? (Mwalimu, Likoni)

Kwa jina la Kenya peke yake, ndiyo: 12 Desemba 1963. Lakini mwalimu, usiwafundishe watoto kwamba posta yetu ilianzia hapo. Tarehe 23 Mei 1890 kampuni ya Imperial British East Africa, iliyoupata ukanda huu kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, ilitoa stempu za Uingereza zenye sura ya Malkia Victoria zikiwa zimepigwa chapa ya jina la kampuni na thamani mpya: nusu anna juu ya peni moja, anna moja juu ya peni mbili, anna nne juu ya peni tano. Ni anna kwa sababu pwani ilihesabu kwa rupia, na anna kumi na sita ni rupia moja. Mwaka huohuo zikafuata stempu za kampuni yenyewe, zenye taji na jua, na maneno “Light and Liberty”, yaani Nuru na Uhuru. Uhuru wa nani, waulize wanafunzi wako.

Nina stempu ya Mfalme George ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Nitapata milioni?

Hapana.

Stempu yangu ya taji na jua imeandikwa “½ Anna” kwa kalamu, na herufi A.D. Ni mtoto aliyechezea? (Kisauni)

Huenda ndiyo stempu bora kuliko zote zilizotajwa leo. Mwaka 1891 thamani ndogo zilipokwisha, maofisa wa kampuni mjini Mombasa walibadilisha thamani za stempu nyingine kwa mkono, kisha wakatia herufi za majina yao. A.D. ni Andrew Dick, mhasibu mkuu, yuleyule aliyeuawa na Wamaasai katika bonde la Kedong mwaka 1895, A.B. ni Archibald Brown, V.H.M. ni Victor Mackenzie. Usifute, usisafishe, usiipige pasi. Lakini tahadhari: kalamu na wino kila mtu anavyo, na wa kughushi hawajalala. Bila cheti cha wataalamu, kwa mfano wa Royal Philatelic Society ya London, usiinunue wala kuiuza kwa bei ya iliyo halali.

Kuna mtu mtandaoni anauza seti ya 1890 ya Victoria yenye chapa, zote tatu, kwa bei ya chai. Nichukue?

Stempu ya Victoria isiyo na chapa ni rahisi kuipata, kwa hiyo mghushi ananunua hiyo na kuipiga chapa mwenyewe. Kwa iliyokwisha kutumika, tazama kwa kioo cha kukuzia: wino wa muhuri uwe juu ya chapa, si chini yake. Dai picha safi za mbele na nyuma. Akikataa, achana naye, na usimtumie hata malipo ya kwanza.

Gundi inanata kwenye albamu msimu wa mvua.

Simamisha albamu wima, usizilaze moja juu ya nyingine. Ziweke mbali na ukuta unaolowa, zifungue kipindi cha kaskazi hewa ikikauka, na shika stempu kwa kibano, si kwa vidole vyenye jasho.