Usiache bao, lilete nyumbani

Kaka, umeuliza kama uache bao la kijiweni, maana tangu mapacha wazaliwe shemeji analalamika kwamba Jumamosi hauonekani. Usiache. Tafuta bao la nyumbani, umfundishe mkubwa wako wa miaka 7. Anza na bao la kujifunza: kete 64, mbili kila shimo, bila kunamua, yaani bila ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete za akiba moja moja ubaoni. Mwanangu alijifunza kujumlisha humo, na siku aliponifunga kwa mara ya kwanza nilimpigia simu bibi yake hapo hapo!

Lakini asubuhi ni ya shemeji. Ogesha mapacha, fua nepi, mwache alale hadi saa 4. Kijiweni nenda alasiri, Jumamosi mbili kwa mwezi, na umwambie saa ya kurudi.