Macho ya mbwa na rangi: maswali yenu

Eti mbwa anaona nyeusi na nyeupe tu?

Hapana jamani, hii stori tumelishwa miaka mingi na watu bado wanaisambaza. Mbwa anaona rangi, ila chache kuliko sisi. Nyuma ya jicho kuna seli zinazoshika rangi, mtu ana aina tatu na mbwa ana mbili, moja inashika zaidi bluu na nyingine upande wa njano. Mwaka 1989 kule California mtafiti Jay Neitz na wenzake walipima mbwa watatu, wanawawekea taa tatu, moja rangi yake tofauti, mbwa akiigusa ile na pua anapewa kitu cha kula. Bluu walikuwa wanaitambua bila shida.

Nikimrushia mpira mwekundu kwenye majani anaupita kabisa, ni ukaidi?

Sio ukaidi, tafadhali usimgombeze. Kwake ule wekundu ni kahawia iliyofifia, na majani nayo anayaona kama njano chafu, sasa autofautishe vipi? Mwangalie vizuri siku nyingine, mpira ukiwa unadunda anaufuata dead on target, ukisimama tu umempotea, anainamisha kichwa anaanza kuzunguka zunguka mpaka pua iupate. Nunua wa bluu. Hata ile ya tenisi ya njano, ambayo madukani ndio imejaa, kwenye majani haimsaidii sana maana inafanana na majani yenyewe.

Kwa hiyo ni kama mtu mwenye upofu wa rangi?

Ndio, yule asiyetofautisha nyekundu na kijani, wanakaribiana sana.

Mbona usiku ukimmulika tochi macho yanawaka?

Nyuma ya retina, yaani ile sehemu ya ndani ya jicho yenye seli za kuona, kuna utando unaorudisha mwanga, yaani mwanga ukishapita unarudishwa upite tena, seli zinapata nafasi ya pili ya kuushika. Na seli zinazosaidia kuona gizani anazo kibao. Ndio maana jioni wewe unajikwaa yeye anakimbia tu. Mimi naona watu wanamwonea huruma bure kwa hizo rangi, wakati jicho lake limeumbwa kwa ajili ya magharibi na alfajiri. Anachokosa ni kuona vizuri vitu vya mbali, kitu unachokisoma ukiwa mita 23 hivi yeye inabidi asogee mpaka mita 6.

Naweza kumfundisha kwa rangi, mfano bakuli lake na la mwenzake?

Unaweza kabisa, tumia bluu na njano. Mwaka 2013 watafiti wa Urusi waliwafundisha mbwa kwa karatasi za rangi hizo, halafu wakabadilisha ung'aavu wake kuona watafuata kipi, wengi wakafuata rangi. Ila mabakuli yaoshe vizuri yote mawili kabla ya kuanza, la sivyo atachagua kwa harufu na wewe utadhani kajifunza rangi.