Shangazi, nimekatazwa upinde: nitapenda nini tena?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 44, na kwa miaka tisa nilitumia Jumapili zangu kupiga mishale katika klabu yetu ndogo. Sikuwahi kuwa bingwa, ila sikujua raha nyingine iliyoifikia hiyo. Mwaka jana nilipatikana na baridi yabisi, na daktari bingwa amenikataza kabisa kuvuta upinde, hata ule mwepesi wa wanagenzi, kwa kuwa bega la kulia na vidole vimeshadhurika. Nimejaribu kufuma sweta, kuchora na kupanda maua, na kila kimoja kimenichosha kabla ya mwezi kwisha. Mume wangu anasema niuze vifaa vyote nisahau. Wenzangu wa klabu wananitumia video za wapiga mishale wenye ulemavu na kuniambia nisikate tamaa. Tena wamenialika nitoe zawadi kwenye mashindano ya mwisho wa mwaka. Je, mtu anaweza kupenda kitu kwa kiasi hicho mara ya pili, au niache kujisumbua? – Mwalimu, Kikuyu.*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa maradhi, na pole nyingine, ambayo nadhani hujapewa na mtu yeyote, kwa mchezo uliokutoka. Sisi tumezoea kumpa pole aliyefiwa au aliyelazwa hospitalini, lakini mtu mzima anayelilia mchezo huonekana anadeka, hasa akiwa mama mwenye kazi, watoto na nyumba inayomtegemea. Ndiyo maana, kama ulivyonieleza katika sehemu za barua ambazo sikuzichapa hapa, umekuwa ukilia bafuni huku umefungulia maji. Umepoteza Jumapili yako, watu waliokujua nje ya darasa na jiko, na saa chache katika juma ambazo hakuna aliyekuita mwalimu wala mama fulani. Hiyo ni hasara ya kweli, na unayo haki ya kuiomboleza bila kumwomba mtu radhi.

Nianze na daktari, kwa kuwa kuna mahali katika barua yako ambapo ni kama unaniomba nikuambie kwamba amekosea. Hakukosea. Katika ugonjwa wako, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia utando wa ndani wa viungo, na uvimbe ukiendelea, gegedu na mfupa huanza kulika. Upinde wako, umesema, ulikuwa wa pauni 34, yaani kila mshale ulihitaji mvuto wa kilo 15 hivi. Awamu ya kawaida ya mita 70 ina mishale 72. Ukizidisha utaona kwamba katika siku moja ya mashindano bega lako na vidole vitatu vya mkono wa kulia vilivuta jumla ya zaidi ya kilo 1,100, bila kuhesabu mishale ya kupashia mwili joto. Kiungo kizima huuzoea mzigo huo, lakini kilichovimba huzidi kuharibika. Ukienda kinyume cha daktari na kuujaribu upinde siku unayoamka bila maumivu, unaweza kuupoteza hata uwezo wa kushika chaki, na chaki ndiyo inayowasomesha watoto wako.

Kuhusu hizo video, nadhani mmoja unayetumiwa ni Matt Stutzman, Mmarekani aliyezaliwa bila mikono, ambaye huushika upinde kwa mguu na alitwaa medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu ya Paris mwaka 2024. Ni mtu wa kustaajabiwa, na mimi mwenyewe nimemtazama kwa furaha. Hata hivyo, yeye aliujenga mchezo wake juu ya mwili ambao ulemavu wake hauzidi kwa kuvuta ugwe, ilhali wako ungezidi kuumia kwa kila mshale. Kwa hiyo jambo hili halihusu nani ana moyo mkubwa na nani ana moyo mdogo. Wanaokutumia video hizo wanakupenda na hawajui la kusema. Chagua mmoja wao, yule uliye karibu naye zaidi, umwambie waziwazi kwamba ungependa aje mnywe chai na asikutumie kitu kingine chochote.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe. Umejihukumu kwamba moyo wako umekufa kwa sababu kufuma, kuchora na kupanda maua havikukushika. Hebu rudi kwenye sehemu ya barua yako ambayo sikuichapa hapa, unaposimulia mwaka wako wa kwanza klabuni. Ugwe ulikuwa ukikuchapa mkono wa kushoto hadi ukawa unavaa blauzi za mikono mirefu kuficha michubuko. Mkufunzi alikusimamisha hatua chache mbele ya mzigo wa nyasi usio na shabaha yoyote, akakufanya urudie mkao uleule Jumapili baada ya Jumapili, na mara mbili uliamua kuacha. Kwa maneno yako mwenyewe, ulibaki kwa sababu uliona aibu kuurudisha upinde wa kuazima. Mwanangu, huo haukuwa upendo bado, ulikuwa ukaidi uliochanganyika na haya, na upendo ulifuata baadaye, mwili ulipokwisha kujifunza na jicho likaanza kuona tofauti ambazo mgeni hazioni. Leo unazichukua wiki tatu za kufuma na kuzipima kwa miaka tisa ya upinde, na hapo hakuna kitu duniani kitakachoshinda. Tena, ni nani aliyekushauri ufume sweta, na vidole hivyo?

Shauri langu ni kwamba usitafute kitu kinachofanana na upinde kwa sura. Tafuta kile ulichokuwa ukikifanya ndani ya mchezo ule wakati hakuna aliyekuwa akikutazama. Barua yako yenyewe imekitaja bila wewe kukusudia. Kuhusu medali umeandika sentensi moja. Kuhusu daftari lako la jalada gumu umeandika nusu ukurasa: namna ulivyokuwa ukiandika upepo ulivuma kutoka wapi, mwanga ulikuwaje, mishale ya kila mzunguko ilikusanyikia wapi, na mshale upi ulikuwa na tabia ya kwenda kushoto. Umeeleza jinsi ulivyokaa mezani usiku ukibandika manyoya, ukihakikisha kwamba yote matatu ya mshale mmoja yametoka bawa la upande mmoja, kwa kuwa ya kulia na ya kushoto yamepinda tofauti na ukiyachanganya mshale hauruki sawa. Umeitaja pia darubini ya miguu mitatu uliyoinunua kwa kudunduliza, ili uione mishale yako kule mita 70 bila kuifuata. Anayeandika hivi ni mtazamaji na mweka kumbukumbu, na hakuna daktari aliyekukataza kutazama wala kuandika, mradi kalamu uitafutie mshiko mnene.

Kwa sababu hiyo ninakuelekeza kwenye ndege. Usinicheke, maana najua wengi wetu huona kutazama ndege kuwa shughuli ya watalii. Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na chama cha Nature Kenya kina matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, ambayo yamekuwa yakianzia Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi na yalianza mwaka 1971. Zaidi ya hayo kuna mradi uitwao Kenya Bird Map, ambao nadhani utakufaa kuliko matembezi, kwa jinsi ulivyo. Nchi nzima imegawanywa katika miraba yenye upana wa kilomita 9 hivi. Mtu wa kawaida, asiye na shahada yoyote ya sayansi, huchagua mraba, akakaa humo kwa saa mbili au zaidi, akaandika kila aina ya ndege aliyoiona au kuisikia kwa kufuata mpangilio alivyokutana nazo, kisha akaituma orodha yake iunganishwe na za wengine ili ijulikane ndege gani wako wapi na wapi wanapungua. Daftari lako la upinde lilikufa nawe kila Jumapili jioni, halikumfaa mtu mwingine. Hili litawafaa watu usiowajua.

Na ile darubini, tafadhali, isiuzwe. Watazamaji ndege wengi huanza na ya macho mawili na huitamani ya miguu mitatu kwa miaka mingi kwa sababu ya bei yake. Wewe unayo tayari, unaijua, na kwa mikono yako ndiyo bora zaidi kwa kuwa haishikwi: unaisimamisha, unainama, unatazama. Ile ya macho mawili, siku utakapoinunua, iwe nyepesi, na ining'inie kwenye mkanda wa mabegani usiolemea shingo.

Huna haja ya kusafiri. Hapo Kikuyu kuna kinamasi cha Ondiri, chanzo cha Mto Nairobi, ambapo korongo taji huonekana. Nenda na mtu mwingine, msimame ukingoni penye ardhi ngumu, na usijitie pupa ya kuhesabu aina nyingi siku ya kwanza. Mtazame mwewe mmoja tu akizunguka juu ya majani, umfuate kwa jicho, uone mkia wake wenye panda ukijipinda huku na huko anapogeuka. Mtu mwingine ataona ndege anaruka. Wewe uliyepigana na upepo kwa miaka tisa utajua anachofanya, na utajua kwa nini unyoya umepinda vile.

Ila panga saa zako kwa kuufuata ugonjwa. Umesema viungo vinakukaza asubuhi hadi saa tatu, na kwamba dawa yako ya mara moja kwa juma unaimeza Ijumaa usiku na kuamka Jumamosi umechoka. Basi Jumamosi pumzika, na asubuhi waachie wenye viungo vizima. Ndege huchangamka tena alasiri jua linapopungua ukali, kwa hiyo Jumapili kuanzia saa kumi inatosha, nawe utakuwa umeirudisha siku yako. Matembezi ya Jumatano yangoje likizo ya Desemba, na siku hiyo kameze dawa zako mapema. Wakati huo utawakuta pia ndege wahamiaji wanaotoka Ulaya na Asia, ambao hukaa kwetu kuanzia Oktoba hivi hadi Aprili.

Sikuahidi kwamba utapenda. Wiki ya tatu utachoka, kama ulivyochoka na mzigo wa nyasi, na utasema Shangazi amekupotezea muda. Endelea hivyo hivyo, shingo upande ikibidi, hadi wahamiaji waondoke mwezi wa Aprili. Ukiwa bado unaiona adha, acha bila aibu, uniandikie tutazame kingine. Kuna watu wenye tabia kama yako walioshikwa na kupima mvua na hali ya hewa, au na sataranji, ambayo haidai nguvu ya mkono wowote.

Kazi ya mwamuzi wa mashindano na ukufunzi, ambavyo nina hakika klabu itakupendekezea, uvikatae kwa sasa. Mwamuzi husimama juani kutwa, na mkufunzi huwarekebisha wengine mkao ambao mwili wake mwenyewe unautamani. Baada ya mwaka mmoja au miwili huenda ukawa mkufunzi hodari, lakini leo ni kulipaka jeraha chumvi.

Mume wako si mkatili. Anakuona ukiutazama ule mfuko nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, naye anataka kukuondolea kinachokuumiza, ila ameharakisha. Mkubaliane hivi: upinde ufunguliwe ugwe, uingie kwenye mfuko wake, na utoke chumbani ukakae mahali usipouona kila uamkapo. Usiuze chochote mwaka huu. Mwakani, ukiweza kuushika bila koo kukukaba, uazime klabu kwa ajili ya wanagenzi, maana unajua ni wangapi hukata tamaa kwa kukosa vifaa. Na lile kundi la WhatsApp ambalo huwezi kujitoa wala kulivumilia, linyamazishe tu, hakuna atakayejua.

Jambo moja sitaki ulipuuze. Huzuni kubwa huwapata wagonjwa wengi wa baridi yabisi, na si kwa sababu ya michezo waliyoiacha pekee, bali maumivu na uchovu wenyewe huiteremsha nafsi. Ukipita majuma mawili mfululizo bila hamu ya chakula, bila usingizi, au ukianza kuona maisha hayana maana, usiningoje mimi wala ndege. Mweleze daktari wako kama unavyomweleza kuhusu bega, kwa kuwa hilo nalo lina matibabu.

Umebakiza swali la zawadi. Usiende mwaka huu. Kusimama pale ukiwavisha wengine medali huku ukisikia mishale ikigonga shabaha ni zaidi ya unachodaiwa na mtu yeyote. Waandikie barua fupi, uwashukuru, uwaambie kwamba afya hairuhusu na kwamba ungependa wakuulize tena mwakani, kisha uikabidhi kwa yule rafiki atakayekuja kunywa chai. Kama mashindano yataangukia Jumapili, alasiri hiyo mwombe mume wako akubebee darubini hadi Ondiri.