Fomalini: usikubali kuambiwa "utazoea"

Karibu kila mgeni anayeingia maabara ya patholojia, inayochunguza tishu za wagonjwa, huambiwa neno hilo. Macho yanamtiririka machozi, pua inamwasha, koo linamkereketa, na mwenyeji wake anamshika bega: "Utazoea." Nimefanya kazi na fomalini kwa miaka mingi na nimelisikia likisemwa kwa nia njema, tena na watu ninaowaheshimu. Naomba tuliache. Kinachozoea ni pua peke yake. Macho hayazoei, mapafu hayazoei, ngozi haizoei, na wapo watu ambao kadiri wanavyokaa na fomalini ndivyo mwili wao unavyozidi kuikataa.

Fomalini, tunayohifadhia tishu zisioze, ni gesi ya fomaldehaidi iliyoyeyushwa katika maji. Ile kali inayokuja kwenye madumu huwa na fomaldehaidi ya asilimia 37 hivi, na mara nyingi methanoli ya asilimia 10 hadi 15 ili isigeuke mashapo meupe. Tunayoiita "fomalini ya asilimia 10" ni sehemu moja ya hiyo kali kwa sehemu tisa za maji, kwa hiyo fomaldehaidi iliyomo ni karibu asilimia 4. Wengi wakisikia "imeshachanganywa na maji" hupumua. Wasipumue bado. Gesi ni gesi, na kila kifuniko kinapofunguliwa sehemu yake hutoka.

Ninapomfundisha mtu mpya huanza na vidole vya Ferdinand Blum. Huyu alikuwa daktari Mjerumani aliyekuwa akiijaribu fomalini kama dawa ya kuua vijidudu, akaona ngozi ya vidole vyake imekakamaa kama tishu iliyolowekwa kwenye alkoholi. Mwaka 1893 akaieleza kama njia ya kuhifadhi tishu, na mpaka leo maabara za dunia nzima zinaitumia. Vidole vile vinaeleza karibu kila kitu unachohitaji kujua. Fomaldehaidi hufungamanisha protini, ndiyo maana kipande cha ini hakiozi ndani ya kopo. Lakini haijui ini la mgonjwa ni lipi na jicho lako ni lipi. Inafanya kazi ile ile popote inapofika.

Kuhusu saratani hakuna tena mjadala wa maana. Mwaka 2004 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka fomaldehaidi kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Wakati huo ilitajwa saratani ya sehemu ya juu ya koo, nyuma ya pua. Baadaye ikaongezwa lukemia. Hii haina maana kwamba kila aliyenusa fomalini ataugua. Ina maana kwamba kila siku unayopunguza mvuke unaovuta umejitendea wema, hata kama umeshakaa kwenye kazi hii muda mrefu.

Sasa turudi kwenye pua, maana hapo ndipo tunapodanganyika. Ukikaa chumbani na fomalini, baada ya muda harufu inafifia na unadhani hewa imesafika. Haijasafika, pua ndiyo imechoka kukuambia. Nchini Marekani kiwango cha juu kinachoruhusiwa kazini ni sehemu 0.75 kwa kila sehemu milioni ya hewa, kwa wastani wa saa nane, na sehemu 2 kwa dakika 15. Hakuna pua inayoweza kukusomea tarakimu hizo. Zipo beji ndogo za kubandika kwenye kola, unafanya nazo kazi zamu nzima, kisha zinapelekwa kupimwa. Ukiwa na nafasi ya kuomba kitu kimoja tu kwa mkuu wako, omba kipimo. Ugomvi wa "harufu ipo" na "harufu haipo" hauishi mpaka iwepo namba mezani. Wakati unangoja, toka nje, vuta hewa safi kwa muda, kisha rudi. Ile harufu inayokupokea mlangoni ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli.

Kazi ninayoihofia kuliko zote ni kumwaga makopo ya sampuli za zamani. Wakati wa kukata tishu watu wako makini, wamevaa, feni inavuma. Wakati wa kumwaga wamechoka, makopo ni mengi, kila mtu anataka kumaliza. Basi mtu anainamia ndoo, anafungua kifuniko karibu na kidevu, anamimina kwa haraka, kimiminika kinaruka na mvuke unapanda moja kwa moja usoni. Fanya hivi: kopo liwe ndani ya kabati la kuvuta mvuke, kioo kimeshushwa mpaka chini ya kidevu chako. Legeza kifuniko polepole upande ulio mbali nawe. Mimina taratibu ukigusisha ukingo wa kopo kwenye ukuta wa chombo cha taka ili kimiminika kiteremke kisirukeruke. Funika chombo hicho kabla ya kuchukua kopo linalofuata. Ndiyo, kila mara. Chombo kilichoachwa wazi kati ya kopo na kopo kinaweza kuchafua hewa kuliko makopo yenyewe. Na taka hiyo isiende kwenye sinki. Ikusanywe, iandikwe jina, ichukuliwe na wanaoshughulika na taka za kemikali.

Barakoa ya upasuaji haizuii mvuke wa fomalini. Narudia kwa sababu naona watu wakiamini vinginevyo: haizuii. Hata ile nene ya N95 imetengenezwa kwa ajili ya chembechembe, na gesi hupita humo. Kinachozuia ni barakoa yenye kichujio maalumu cha fomaldehaidi, iliyojaribiwa usoni mwako isivuje, na kichujio kibadilishwe kwa wakati. Lakini hiyo ni ya dharura au kazi fupi. Ulinzi wa kila siku ni kabati na meza zinazovuta hewa. Maabara inayogawa barakoa badala ya kutengeneza feni iliyokufa imekosea mpangilio wa mambo, na mfanyakazi ana haki ya kulisema hilo bila kuogopa.

Glavu ziwe za naitrili, si zile nyembamba za mpira wa asili, na usizione kama ukuta. Zikilowa, vua, nawa, vaa nyingine. Nilifanya kazi na mwenzangu mmoja, fundi hodari sana, aliyeanza na wekundu mdogo kwenye viganja na vifundo vya mikono, hapo glavu inapoishia. Alipaka mafuta akaendelea. Baadaye ngozi ilipasuka, na mwisho ikawa hata kukaa karibu na kopo lililofunguliwa kunamwashia uso. Huo ni mzio, na ukishajenga mizizi, kiasi kidogo sana kinatosha kuuamsha. Wengine hupata pumu kwa njia hiyo hiyo. Alilazimika kuhamia idara nyingine. Ukiona ngozi inabadilika, au kifua kinabana siku za kazi na kuachia siku za mapumziko, nenda kwa daktari mapema na umtajie fomalini kwa jina.

Fomalini haina rangi. Ikiwa ndani ya chupa haina tofauti na maji wala na maji ya chumvi ya hospitali. Kwa hiyo usiitie kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kwa dakika tano, hata kama "mimi mwenyewe najua". Wewe unajua, anayefanya usafi jioni hajui. Lebo iandikwe kabla ya kumimina, yenye jina, ukali, tarehe na alama ya hatari.

Kama bajeti inaruhusu, nunua iliyokwisha kuchanganywa na uachane kabisa na madumu ya ile kali. Naona hayo ndiyo matumizi bora ya fedha ya maabara. Kama lazima uchanganye mwenyewe, fanya ndani ya kabati ukiwa na miwani inayoziba pembeni, na usisahau chumvi za fosfeti: kwa lita moja, gramu 4 za sodiamu daihaidrojeni fosfeti yenye molekuli moja ya maji na gramu 6.5 za daisodiamu haidrojeni fosfeti kavu. Bila hizo fomalini huchachuka kadiri asidi ya fomiki inavyojitengeneza, na slaidi zako, yaani vioo vya kutazamia tishu kwa hadubini, zitakuja na madoa ya kahawia-nyeusi. Isikae karibu na asidi ya haidrokloriki, kwa sababu mivuke yao ikikutana inaweza kuzaa kemikali nyingine ya saratani. Isikae karibu na pamanganeti ya potasiamu pia. Zikichanganyika huchemka kwa nguvu na zinaweza kuwaka. Ile kali iwekwe mbali na moto kwa sababu ya methanoli.

Ikimwagika kidogo ndani ya kabati, weka vitambaa vya kunyonya, vitie kwenye mfuko unaofungwa, osha mahali hapo kwa maji mengi. Likipasuka dumu sakafuni, usiwe shujaa. Toka, toa wenzako, funga mlango, ita waliofunzwa na wenye vifaa.

Ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi huku kope zimeshikwa wazi, lenzi za kuvaa jichoni zitolewe, kisha hospitali hata kama maumivu yametulia. Ikimwagikia nguo, vua hapo hapo, aibu ingoje. Na mtu akiimeza, msimtapishe, kwa sababu itamuunguza mara ya pili ikipanda. Mkimbizeni hospitali na mbebe chupa au lebo yake, ili daktari ajue kwamba pamoja na fomaldehaidi huenda kuna methanoli, ambayo ina matibabu yake yenyewe.