Dodoso kwa wataalamu wa spishi vamizi: uulize nini?

SWALI: Naandaa dodoso kwa wataalamu wa spishi vamizi (viumbe wa kigeni wanaoenea na kuleta madhara), nijue wanavyobadilishana taarifa kupitia hifadhidata zao. Maswali yangu mengi ni ya "unakubali kwamba ushirikiano ni muhimu?" Nahofia wote watakubali nami nibaki mikono mitupu. Nifanyeje?

JIBU: Watakubali, ndiyo. Yafute yote. Uliza walichofanya, si wanachoamini: "Mara ya mwisho ulipopata taarifa ya spishi ngeni, uliiingiza wapi, na nani mwingine aliweza kuiona?" Swali hilo tu litakuonyesha kama data inatoka kwenye kompyuta ya mtu au inaishia humo humo.

Watunzaji wa hifadhidata na watumiaji wake usiwape maswali yaleyale. Mkaguzi wa mpakani anataka kujua mbegu aliyoikamata ni ya mmea gani, tena leo. Habari za seva na leseni hazimhusu. Swali la kwanza liwagawe.

Kwa watunzaji, chimba muundo wa rekodi, maana hapo ndipo mambo hukwama. Chukua gugu maji. Kwa miaka mingi liliandikwa Eichhornia crassipes. Siku hizi wengi huliandika Pontederia crassipes. Ukiunganisha hifadhidata mbili zisizotunza majina ya zamani, mmea mmoja utahesabiwa miwili, na ramani ya uenezi wake itagawanyika. Basi uliza: mnafuata orodha ipi ya majina? Mnatumia Darwin Core, kiwango cha kimataifa cha kuandika rekodi za viumbe? Kiwango hicho kina sehemu za kueleza kama spishi ni ya asili au imeletwa, imejikita kiasi gani, na iliingia kwa njia ipi. Usiishie kuuliza kama wanakijua. Uliza kama sehemu hizo wanazijaza. Uliza pia kama huandika mahali walipotafuta wasiione spishi, kwa sababu pasipo na rekodi huenda hapajawahi kukaguliwa.

Usiulize kama hifadhidata mpya inahitajika. Orodhesha zilizopo, kama GBIF (ya rekodi za viumbe duniani), GRIIS (ya spishi zilizoletwa na vamizi kwa kila nchi) na ile ya spishi vamizi duniani ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, uulize ni zipi walizozifungua mwaka huu na zipi walizozipelekea data. Acha nafasi ya "nyingine, taja".

Swali la kwa nini hawatoi data ni nyeti kuliko unavyodhani. Kutangaza mdudu mharibifu mpya kunaweza kuifungia nchi soko la mazao, na mtumishi wa serikali hataliandika hilo chini ya jina lake. Wahakikishie usiri, na jina la taasisi liwe hiari.

Lijaribu dodoso kwanza kwa watu wawili watatu wakiwa mbele yako, uone wanasita wapi. Halafu ongeza ombi moja ambalo wengi hulisahau: kila mtunzaji aambatishe rekodi moja halisi kutoka kwenye hifadhidata yake, usome mwenyewe safu zilizojazwa na zilizoachwa wazi.